Daftari la miezi minne: kisa cha endometriosisi iliyojificha miaka 15

Alikuja kliniki na bahasha mbili na daftari dogo la mistari. Bahasha ya kwanza ilikuwa na ripoti za ultrasaundi, zote zikisema hakuna tatizo. Ya pili ilijaa majibu ya damu na vyeti vya dawa alizoandikiwa tangu akiwa msichana. Bahasha alizikabidhi mara moja. Daftari alibaki nalo mkononi, analikunja na kulikunjua, kama mtu asiye na hakika kwamba lina thamani yoyote mbele ya daktari. Ndilo lililotupa jibu, na ndiyo sababu nakieleza kisa hiki kwa kirefu. Mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa.

Umri wake ulikuwa miaka 29. Alikuwa ameolewa miaka 3, na kwa miaka miwili na nusu alikuwa anatafuta mtoto bila kupata. Alivunja ungo akiwa na miaka 13. Mwaka wa kwanza hedhi ilimsumbua kidogo tu. Tangu alipofikisha miaka 14 imekuwa ikimlaza.

"Si kwamba inaniuma, Daktari. Inanilaza."

Nikamwomba anieleze tofauti. Akasema siku ya kuumwa mtu anafanya kazi zake huku amekunja uso. Siku ya kulazwa yeye hushuka kitandani akalala sakafuni, kifudifudi, kwa sababu godoro ni laini mno na tumbo linataka kitu kigumu cha kulibana.

Kati ya umri huo wa miaka 14 na siku aliyoketi mbele yangu, alikuwa amepita mikononi mwa watu wengi. Alitibiwa UTI mara nyingi, na katika bahasha nzima sikuona jibu hata moja la mkojo uliooteshwa. Alipewa dawa za amiba. Alipewa dawa za vidonda vya tumbo. Akiwa na miaka 21 alipasuliwa usiku akatolewa kidole tumbo, na maabara ikaandika kwamba kidole tumbo hicho kilikuwa kizima. Akiwa na miaka 26 alimeza dozi tatu za antibiotiki kwa ajili ya maambukizi ya nyonga ambayo hakuna kipimo kilichoyathibitisha. Na katikati ya hayo yote, nyumbani na hospitalini, maneno yalikuwa yale yale: ni kawaida ya wanawake, ni chango, ukizaa yataisha.

Sidhani kama kuna mtu mmoja wa kubeba lawama. Kila aliyemwona aliona kipande. Aliyemkuta na maumivu ya chini ya kitovu akafikiria mkojo, aliyesikia habari za choo akafikiria utumbo, aliyemkuta usiku wa manane amejikunja upande wa kulia akafikiria kidole tumbo. Hakuna aliyeviunganisha vipande, na mgonjwa mwenyewe hakuwa ameambiwa kwamba ni vya kitu kimoja. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, endometriosisi, yaani ugonjwa wa tishu kama ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota nje ya mfuko huo, inawapata takribani asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190, na kwa wastani jina la ugonjwa hupatikana miaka 4 hadi 12 baada ya dalili kuanza. Yeye alikuwa amepita hata hapo.

Kilichokuwa daftarini

Alikuwa amelijaza kwa miezi minne. Kila ukurasa una tarehe, nukta nyekundu kwa siku ya damu, namba ya maumivu kuanzia 0 hadi 10, na safu ya mwisho ya maneno machache. Ukurasa wa mwezi wa kwanza ulisomeka hivi: tarehe 9, maumivu 4, hakuna damu. Tarehe 10, maumivu 6, hakuna damu. Tarehe 11, nukta nyekundu, maumivu 9, "choo kama kisu". Tarehe 12, maumivu 9, "choo kama kisu, sikwenda kazini". Yakashuka hadi 2 kufikia tarehe 15. Kisha tarehe 24 yakaja tena upande wa kushoto, 5, siku moja na nusu, yakaondoka.

Nilihesabu. Maneno "choo kama kisu" yalikuwemo mara 11 katika miezi minne, na mara zote 11 kando yake palikuwa na nukta nyekundu. Hapakuwa na hata moja nje ya siku za damu.

Hapo ndipo ugonjwa ulipojitaja. UTI haifuati kalenda, amiba nayo haingoji hedhi. Maumivu ya kawaida ya hedhi huanza pamoja na damu au saa chache kabla, hudumu siku moja hadi tatu, na kwa wengi hutulizwa na ibuprofeni. Ya kwake yalitangulia damu kwa siku mbili, yalifika hadi kwenye njia ya haja kubwa, yalirudi katikati ya mwezi wakati yai linapotoka, na ibuprofeni ilikuwa imeacha kumsaidia tangu akiwa na miaka 20.

Palibaki swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza. Nilimuuliza kama tendo la ndoa linamuuma. Akatazama chini kwa muda.

"Ndani kabisa," akasema. "Nilidhani ndivyo lilivyo kwa kila mtu."

Mumewe alikuwa amekaa nje ya mlango, na hakuwa anajua. Swali hili linahitaji faragha na subira kidogo, lakini kuliacha ni kuacha nusu ya historia. La mwisho lilikuwa kuhusu familia: mama yake mzazi aliteseka vivyo hivyo hadi akatolewa kizazi akiwa na miaka 38. Ugonjwa huu huandamana na ukoo. Mwenye mama au dada aliyeugua yuko katika hatari kubwa kuliko mwingine.

Kwa nini ultrasaundi zote zilikuwa safi

Hili lilimwumiza kuliko yote. Mara tatu karatasi ilimwambia mzima, naye akaanza kujitilia shaka.

Endometriosisi ni tishu inayofanana na ile ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, ila imeota mahali pasipo pake: juu ya ovari, kwenye utando unaofunika viungo vya nyonga, kwenye kano zinazoshikilia mfuko wa uzazi kwa nyuma, kwenye utumbo, kibofu, na mara chache hata kwenye kiwambo chini ya mapafu. Nayo husikiliza homoni ya estrojeni kama ukuta ule wa ndani. Hukua, huvuja damu, na damu hiyo haina pa kutokea. Mwili unajibu kwa uvimbe wa moto, kisha kwa makovu, na makovu yanagandisha viungo vilivyopaswa kuteleza kimoja juu ya kingine. Neva nazo huota humo.

Sasa, vipande vingi vya tishu hii ni vidogo, vya milimita chache, vimetandazwa juu ya utando kama madoa. Hakuna ultrasaundi inayoviona vizuri. Na zile alizofanyiwa zilipigwa juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa, na mpigaji akitafuta mimba au fibroidi. Hakuzipata, akaandika hakuna tatizo. Hakukosea, ila swali aliloulizwa halikuwa lenyewe. Ningependa kila anayesoma ripoti ya namna hiyo aelewe kwamba ultrasaundi safi haimwondolei mtu endometriosisi.

Tulimpima kwa mkono, kisha kwa ultrasaundi ya kupitia ukeni. Mfuko wa uzazi ulikuwa umelala kinyumenyume na hausogei kwa wepesi. Nyuma yake, kwenye kano ya kushoto, palikuwa na kinundu kigumu, nilipokigusa alishika ukingo wa kitanda akasema, "Hapo, hapo hasa." Ovari ya kushoto ilikuwa na uvimbe wa sentimita 5, majimaji yake yakionekana kwenye skrini kama kioo chenye ukungu, sawasawa kote. Huo ndio uvimbe unaoitwa wa chokoleti, kwa sababu ndani yake mna damu kuukuu iliyokolea rangi. Nilipobonyeza taratibu, ovari ile haikuteleza. Ilikuwa imegandana na mgongo wa mfuko wa uzazi.

Katika bahasha ya pili palikuwa na karatasi nyingine iliyomnyima usingizi mwezi mzima: kipimo cha CA-125, jibu 68, na pembeni limeandikwa kwamba kikomo ni 35. Alikuwa ameambiwa kipimo hicho ni cha saratani ya ovari. Ni kweli hutumika huko, lakini hupanda pia kwa endometriosisi, kwa fibroidi, kwa maambukizi ya nyonga, na hata wakati wa hedhi yenyewe. Hakithibitishi endometriosisi wala hakiikanushi, na miongozo ya kitaalamu haishauri kitumike kuitafuta. Hatari ya saratani ya ovari kwa wenye ugonjwa huu ni kubwa kidogo tu kuliko kwa wengine, na uvimbe wake haukuwa na dalili yoyote ya kutia shaka. Nilimwonyesha picha, nikamweleza, naye akauliza mara mbili kama nina hakika. Ilibidi nijibu mara mbili.

Aliuliza pia amekosea wapi. Hakukosea popote. Mwaka 1927 daktari Mmarekani John Sampson alieleza kwamba sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kumwaga chembe hai ndani ya nyonga. Ni maelezo mazuri, ila damu hurudi hivyo kwa wanawake takribani 9 kati ya 10, na wengi wao hawaugui. Kwa hiyo pana jambo jingine juu yake: urithi, kinga ya mwili isiyosafisha chembe hizo, na huenda njia nyinginezo, maana kuna wagonjwa wachache ambao maelezo ya Sampson hayawafikii kabisa. Si suala la alivyovaa, alivyokula wala kuchelewa kuolewa.

Swali linaloamua matibabu

Zamani ilisemwa kwamba huwezi kuutaja ugonjwa huu mpaka uingize kamera tumboni na kukata kipande. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 uliachana na msimamo huo: historia na picha nzuri vinatosha kuanza tiba, na laparoskopi, yaani upasuaji huo wa kamera, hubaki kwa ambao picha haikuonyesha kitu, au dawa zimeshindwa au hazifai. Ni mabadiliko makubwa, kwa kuwa yanamwondolea msichana wa miaka 16 ulazima wa upasuaji kabla hajapewa nafuu.

Kama mgonjwa wetu angekuja akitaka nafuu ya maumivu peke yake, njia ilikuwa wazi. Dawa za kutuliza maumivu, na pamoja nazo homoni za kutuliza ovari: vidonge vya uzazi wa mpango, ikibidi vikimezwa mfululizo bila kuacha nafasi ya hedhi, au projestini, kama dienojesti miligramu 2 kila siku au noretisteroni, au kitanzi chenye homoni. Zikishindwa, zipo dawa kali zaidi zinazozima estrojeni kutoka kwenye ubongo, ambazo hupunguza uimara wa mifupa na kwa hiyo hutolewa pamoja na homoni kidogo ya kuirudishia. Hakuna kati ya hizi inayong'oa ugonjwa. Zinaulaza.

Lakini yeye alitaka mtoto, na karibu zote hizo huzuia mimba. Tena kumpa homoni miezi sita "ili kusafisha" kisha ajaribu hakuongezi uwezekano wa kushika mimba. Kunapoteza miezi sita. Nimekutana na wanawake wengi waliopitishwa njia hiyo, na kila mara inaniuma, kwa sababu muda ndicho kitu ambacho hatuwezi kumwandikia mtu kwenye cheti cha dawa.

Kwa hiyo nilimuuliza waziwazi: kati ya maumivu na mtoto, kipi kinatangulia? Akajibu bila kusita. "Mtoto. Lakini tendo lenyewe linaniuma, nitampataje?"

Jibu hilo lilitupeleka kwenye upasuaji. Kutungisha mimba maabara moja kwa moja kungeruka mirija na makovu, ila kungemwacha na maumivu yale yale. Laparoskopi ingeweza kuondoa kinundu, kuachanisha ovari na kumpa nafasi ya kushika mimba kwa njia ya kawaida. Gharama yake kwa mwili ni hii: unapoumenya uvimbe wa chokoleti, baadhi ya mayai mazima huondoka pamoja na ganda lake. Ukiufyonza tu bila kuumenya unayahifadhi mayai, lakini mara nyingi hujaa tena. Tulipima homoni ya AMH, inayokadiria akiba ya mayai, ikawa 2.1. Nilimwambia tuitarajie kushuka. Alitaka wiki mbili za kufikiri, akazipata.

Hapa pana kosa letu, nami nalisema kwa sababu linatokea kila mahali. Tarehe ya upasuaji ilikuwa imeshapangwa ndipo muuguzi akauliza majibu ya mbegu za mume yako wapi. Hatukuwa tumeyaagiza. Wote tulikuwa tumemkazia macho mwanamke. Majibu yalitoka mazuri, lakini yangekuwa mabaya, mpango mzima ungebadilika, na tungekuwa tumempasua ovari kwa matumaini yasiyokuwepo.

Chini ya nusukaputi, picha ilikuwa hivi: uvimbe wa ovari ya kushoto kama tulivyouona, ovari hiyo imegandana na mfuko wa uzazi, mrija wa kushoto umepinda, vinundu kwenye kano ya kushoto, madoa meusi na mekundu kwenye utando. Nyuma ya mfuko wa uzazi palikuwa pamezibika nusu. Ovari na mrija wa kulia vilikuwa safi, na dawa ya rangi tuliyoisukuma kuupima mrija huo ilipita kwa wepesi. Kwa mizani ya madaraja manne, hilo ni daraja la 3. Namtahadharisha msomaji na daraja hili: linapima kinachoonekana, halipimi maumivu. Yupo wa daraja la 1 asiyeweza kusimama, na yupo wa daraja la 4 aliyegunduliwa kwa bahati akichunguzwa jambo jingine. Kinachosaidia zaidi kwa anayetafuta mtoto ni kipimo kinachojumlisha umri, miaka ya kutafuta, mimba zilizotangulia na hali ya mirija na ovari baada ya upasuaji. Yeye alipata 7 kati ya 10, ambayo ni nzuri.

Uvimbe ulimenywa, vinundu vikakatwa, ovari ikaachanishwa. Maabara ilithibitisha endometriosisi. Mama yake alipoonyeshwa picha za kamera alizishika muda mrefu. "Kumbe mimi sikuwa mwongo," akasema. Hakuna aliyekuwa anazungumza habari zake.

Baada ya hapo

Hedhi ya tatu baada ya upasuaji aliandika 4 mahali palipokuwa na 9. Tulimshauri atumie parasetamoli karibu na siku za yai na kuziacha ibuprofeni na ndugu zake kwa siku hizo, kwa kuwa zinaweza kuchelewesha yai kutoka. Walijaribu miezi 9. Mimba haikuja. AMH ilikuwa imeshuka hadi 1.3.

Wakaenda kutungisha mimba maabara. Yalipatikana mayai 7, na kutoka humo viinitete 3, yaani mayai yaliyorutubishwa yakaanza kukua. Kimoja kikapandikizwa, hakikushika, viwili vikagandishwa. Siku ya jibu hilo alinipigia simu, hakulia. Wiki tatu baadaye alikuja akasema anataka mwaka mmoja wa kupumzika. Kuna mwenzetu aliyeona ni makosa, kwa kuwa umri unasogea. Hoja yake ilikuwa na uzito. Lakini viinitete vilivyogandishwa havizeeki, na mwanamke huyu alikuwa amebeba maumivu tangu utotoni. Niliona ana haki ya kuuchagua mwaka wake. Kwa kuwa sasa mimba haikuwa inatafutwa, dawa ya kuulaza ugonjwa ilifaa, na baada ya upasuaji hupunguza pia uwezekano wa uvimbe kurudi. Akaanza dienojesti.

Miezi mitatu ya mwanzo ilimchosha kwa damu ya matonematone isiyo na ratiba, jambo tulilomwonya mapema. Tulimwambia pia atuambie mara moja akihisi moyo umezama kwa huzuni. Mwezi wa nne damu ikakatika. Maumivu ya choo hayajarudi.

Tendo la ndoa bado linamuuma, pungufu ya zamani. Kinundu kimeondoka, ila misuli ya sakafu ya nyonga imejifunza kujikaza kwa miaka 15 na haijui kwamba hatari imepita; mishipa ya fahamu nayo ikishaumia muda mrefu hupiga kelele kwa jambo dogo. Dawa haifiki huko peke yake. Anakwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, anafundishwa kuilegeza kwa pumzi, na mumewe sasa huingia naye chumbani kwa daktari badala ya kubaki nje ya mlango. Aliniuliza kama kutolewa kizazi kama mama yake kungemaliza yote. Nilimjibu kwamba hata kwa mama yake hakukumaliza yote: tishu iliyo nje ya mfuko wa uzazi haiondoki kwa kuutoa mfuko wa uzazi.

Ana miaka 31. Daftari limebadilika, amenunua kubwa zaidi. Miadi yake ijayo ni baada ya miezi mitatu, kwa ultrasaundi ya ovari ya kushoto, na kwa mazungumzo ya viinitete viwili, kama atakuwa tayari kuyaanza.